Sura ya Tano: Reli Ilipoipita Ujiji

Februari 1914 reli ya Wajerumani iligusa maji ya Ziwa Tanganyika kwenye ghuba ya Kigoma. Kazi ilianzia Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907, Tabora 1912, na ilipokoma ziwani ilikuwa imekwenda takriban kilomita 1,250. Kwa sehemu kubwa iliandama njia iliyokanyagwa na misafara kwa miongo mingi, ile ya kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji. Tandaza ramani uone kilichofanyika: njia ni karibu ileile, ila ncha zake zote mbili zimesogezwa. Upande wa pwani Bagamoyo imeachwa, Dar es Salaam imechukuliwa. Upande wa ziwa Ujiji imeachwa, Kigoma imechukuliwa.

Kutoka Ujiji hadi Kigoma hazifiki kilomita kumi. Kwa macho ya mtu aliyekaa ofisini Berlin, hapo ni mahali pamoja. Kwa mwenye duka Ujiji, kilomita hizo ndizo zilizoamua wajukuu wake wataishije.

Ujiji haikuwa kijiji cha kupuuzwa. Wasafiri wa Kizungu Burton na Speke walifika hapo mwaka 1858 wakakuta mji wenye soko, wenye wageni kutoka pwani na Unguja, na mitumbwi ya kuvuka kwenda ng'ambo. Livingstone na Stanley walikutana hapo mwaka 1871. Rumaliza, mfanyabiashara aliyeogopwa pande zote za ziwa, alikuwa na makao yake hapo. Wamanyema waliotoka ng'ambo, wengine kwa hiari na wengi kwa minyororo ya utumwa, waliujaza mji, na vizazi vyao vipo mpaka leo. Hata Wajerumani wenyewe walipoingia waliweka ofisi yao Ujiji. Kigoma wakati huo ilikuwa ghuba yenye vijiji vya wavuvi.

Lakini mhandisi wa reli haulizi mji una umri gani wala misikiti mingapi. Anauliza kina cha maji. Ufuko wa Ujiji uko wazi kwa upepo, una mchanga, na maji yake ni ya kina kifupi. Mtumbwi unakokotwa hadi nchi kavu, meli kubwa haisogei. Ghuba ya Kigoma ina kina, na rasi ya Bangwe inaikinga dhidi ya mawimbi. Hesabu ikaisha hapo. Ndiyo hesabu iliyoihukumu Bagamoyo vilevile.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Meli ya Graf von Götzen, iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ililetwa ikiwa vipande ndani ya maelfu ya masanduku. Masanduku yalipanda treni Dar es Salaam na kushuka Kigoma, meli ikaungwa upya na kuteremshwa majini mwaka 1915. Mwaka uliofuata, katika Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani wenyewe waliizamisha isichukuliwe na adui. Waingereza waliiibua na kuirudisha kazini mwaka 1927 kwa jina tunalolijua sote, Liemba. Makao ya utawala yakawa Kigoma. Kota za reli zikapangwa, jengo la stesheni likasimama, nalo limesimama hadi leo chini ya kilima likitazama ziwa. Wabelgiji, waliouteka mji mwaka 1916, walipokabidhi nchi kwa Waingereza hawakuiachia bandari: kwa mkataba wa mwaka 1921 walipewa eneo lao Kigoma na jingine Dar es Salaam, ili mizigo ya Kongo, Rwanda na Burundi ipite bila ushuru. Penye mizigo pana makuli, na penye makuli pana wauza uji, washona nguo, wakopeshaji na vyumba vya kupanga. Mtaa wa Mwanga ukapanda kilimani, wa Gungu ukasogea, na baada ya miaka mingi mji mpya ukaunganishwa na wa zamani katika jina moja la manispaa, Kigoma Ujiji, la mdogo likitangulia.

Ujiji haikufa. Ilibaki na watu wengi, na dagaa, na mafundi wa mitumbwi, na madrasa zake. Ilichopoteza ni nafasi ya kuwa mahali ambapo mzigo lazima ushuke. Kupoteza huko hakukuandikwa popote kama hasara, kwa sababu reli haikupita juu ya nyumba ya mtu Ujiji, na kwa hiyo hakuna aliyekuwa na la kudai.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu tukizungumza leo juu ya reli na mitaa inayoizunguka tunaanza na alama ya X nyekundu kwenye ukuta wa nyumba itakayovunjwa. Alama hiyo ina haki ya kuzungumzwa, na nitaizungumza. Lakini athari kubwa ya reli mpya, iwe inapita juu ya ardhi au chini yake, huamuliwa mapema zaidi, siku mtu anapoweka kidole kwenye ramani na kusema: stesheni hapa, kivuko hapa, mwisho hapa. Watu wa mitaa wakifika kwenye mazungumzo baada ya siku hiyo, kilichobaki kujadiliwa ni bei ya migomba.

Afrika Mashariki bado haina treni ya abiria ya chini ya ardhi. Barani, Cairo ndiyo iliyotangulia, mwaka 1987. Lakini reli ya kwanza kabisa ya aina hiyo duniani, iliyofunguliwa London Januari 1863 kati ya Paddington na Farringdon, ina somo linalotuhusu. Haikuchimbwa kama panya achimbavyo. Barabara zilifumuliwa, handaki likajengwa wazi, kisha likafunikwa. Palipokuwa na barabara pana, kazi ilipita chini yake. Ilipofika kwenye mitaa ya mafukara bondeni, karibu na Farringdon, nyumba zilivunjwa na maelfu ya watu wakatawanyika. Wenye nyumba walilipwa. Wapangaji, ambao ndio waliokuwa wengi, waliambiwa wahame. Wengi hawakwenda mbali, kwa kuwa vibarua vyao vilikuwa palepale. Walijibana katika mitaa jirani ambayo tayari ilikuwa imefurika. Treni iliyokuja kupunguza msongamano wa barabarani ilianza kwa kuongeza msongamano wa vyumbani.

Sasa turudi nyumbani. Desemba 2022 Tanzania ilitia saini mkataba wa kujenga reli ya kisasa (SGR) kutoka Tabora hadi Kigoma, kilomita 506 ukihesabu na njia za kupishania, na kampuni mbili za Kichina, CCECC na CRCC, kwa gharama ya zaidi ya dola za Marekani bilioni mbili. Upana kati ya vyuma ni milimita 1,435, tofauti na 1,000 za reli ya Mjerumani. Treni yake itakuwa ya umeme, ya kwenda hadi kilomita 160 kwa saa. Aliyewahi kusafiri kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam kwa behewa la daraja la tatu, akilala amekaa, mtoto mapajani, anajua kwa nini nchi imeitaka reli hii. Nami naitaka. Mtu wa Kigoma amekaa mwisho wa nchi muda mrefu mno.

Kwa kuwa naitaka, nataka ihesabiwe sawasawa. Sheria zetu za ardhi za mwaka 1999 zinasema fidia iwe kamili, ya haki na ya kulipwa kwa wakati. Kanuni za mwaka 2001 zinaeleza namna ya kuipiga hesabu. Mthamini anakuja na kadi yenye namba, mwenye mali anaishika kifuani mbele ya nyumba yake, anapigwa picha. Ukuta unapimwa, bati linaangaliwa, miti inahesabiwa mmoja mmoja: michikichi, miembe, migomba. Juu ya thamani hiyo inaongezwa posho ya usumbufu. Inaongezwa posho ya makazi, yaani kodi ya miezi 36. Inaongezwa posho ya usafiri, inayopigwa kwa gharama ya kusafirisha tani 12 za mizigo ndani ya kilomita 20, kwa barabara au kwa reli, ipi ni nafuu. Na kama kulikuwa na biashara, inalipwa faida iliyopotea, nayo kwa miezi 36. Malipo yakipitiliza miezi sita, yanadaiwa riba.

Ukiisoma kanuni hiyo kwa utulivu utaona si mbaya. Ina mambo ambayo nchi nyingi hazina. Ugumu wake ni nani anayeonekana ndani yake. Faida ya biashara inathibitishwa kwa mahesabu yaliyokaguliwa pale inapobidi. Mama ntilie mwenye jiko la mkaa, mabenchi mawili na daftari la madeni atayapata wapi? Fundi baiskeli chini ya mwembe anahesabiwa vipi, ikiwa mwembe ni wa mwingine? Na mpangaji ni yuleyule wa London ya 1863: mthamini anaandika jina la mwenye nyumba, na mpangaji anaanza kutafuta chumba katika mtaa ambao kodi imekwisha kupanda, kwa sababu wote waliovunjiwa wanatafuta hapohapo.

Kuna na kipindi cha kusubiri. Uthamini ukishafanyika, mtu huambiwa asiendeleze eneo. Asipande mazao ya kudumu, asiongeze chumba, asibadilishe paa linalovuja. Hali hiyo ikidumu, nyumba inachakaa na mwenyewe hajui kama ni yake. Sheria inalipa riba kwa ucheleweshaji wa pesa. Mwaka ambao familia imekaa bila kupanda muhogo, ikila akiba, hauna safu yake kwenye fomu.

Wakati wa ujenzi wenyewe pana neema na adha kwa pamoja, na ni uongo kutaja moja tu. Kambi ya wajenzi inaleta mishahara. Gesti zinajaa, bei ya nyanya inapanda, kijana aliyekuwa akisukuma mkokoteni anajifunza kuendesha mtambo, na ujuzi huo anabaki nao. Papo hapo malori ya kifusi yanapasua barabara ya vumbi ambayo halmashauri iliichonga kwa tabu, na mashimo ya kuchimbia udongo yanaachwa wazi. Masika yanajaa maji. Mbu wanazaliana humo na watoto huingia kuogelea. Kufukia shimo si kazi ya hisani. Iwekwe katika mkataba, na mwenyekiti wa kijiji apewe nakala ajue ni mashimo mangapi na yanafukiwa lini.

Kisha uzio. Reli ya Mjerumani haina ukuta. Watu wanaivuka kwenda shambani, mbuzi wanalala juu ya tuta lake, watoto wanaifuata kama njia ya shule. Hatari ipo, lakini reli hiyo haikutenganisha kijiji. Treni ya kilomita 160 kwa saa haivumilii mbuzi, kwa hiyo SGR inazungushiwa uzio na watu wanavuka kwa madaraja na njia za chini zilizojengwa. Kuanzia siku hiyo, jirani yako wa ng'ambo ni wa umbali wa kutoka kwako mpaka kwenye kivuko na kurudi. Kisima kikiwa upande mmoja na zahanati upande mwingine, mama mjamzito ndiye anayelipa tofauti. Addis Ababa, treni ya mjini ilipoanza mwaka 2015, ilibeba watu wengi na wakati uleule ikakata mitaa vipande, kwa kuwa sehemu kubwa ya njia ilijengwa usawa wa barabara, ikafungwa pande zote, na sehemu za kuvukia zikawa chache.

Kivuko kikisahaulika kwenye mchoro, kukiongeza baadaye ni gharama ambayo hakuna bajeti inayoitaka. Kikiwekwa mwanzoni, ni simiti kidogo. Kwa hiyo nadiriki kusema kwamba kijiji kilicho njiani, cha bonde la Luiche au cha Kazuramimba, kikipewa nafasi ya kudai jambo moja tu, kidai kivuko kabla ya fidia. Fidia huisha. Uzio unabaki kwa wajukuu.

Jambo jingine ni dirisha. Treni ya zamani inapoingia Nguruka, kabla haijatulia, wanawake na vijana wamekwishajipanga ubavuni mwake, beseni kichwani. Samaki wa Mto Malagarasi waliokaangwa, karanga, ndizi, chai ndani ya chupa, wali kwenye sahani. Noti inashushwa, sahani inapandishwa, chenji inahesabiwa huku gurudumu limeanza kugeuka na muuzaji anakimbia nalo hatua kadhaa akidai sahani yake. Mbele kidogo, Uvinza, ni chumvi. Tabora ni asali. Katika vituo hivyo treni ni soko linalokuja lenyewe, na karo za shule nyingi zimelipwa kupitia dirisha la behewa.

Dirisha la SGR halifunguki. Wasafiri wa Dar es Salaam na Dodoma, walioanza kuipanda mwaka 2024, wanakaa kwenye kiyoyozi, na treni haikai kituoni muda wa kukaangiwa samaki. Sisemi wafungue madirisha. Nasema stesheni za Nguruka, Uvinza na Kazuramimba zijengwe zikiwa na vizimba vya wauzaji ndani ya uzio, kwa ada wanayoimudu, na waliokuwa wakiuza hapo miaka yote wapewe nafasi ya kwanza kabla ya mwenye mtaji kutoka mjini. Jambo dogo kwenye mchoro, kubwa kwenye mfuko wa mjane.

Mpaka hapa nimesema juu ya walio kando ya reli. Kisa cha Ujiji kinanilazimisha niseme juu ya walio mbali nayo, na hapo ndipo Kagunga inapoingia.

Kagunga iko kaskazini kabisa, ukingoni mwa ziwa, kwenye mpaka wa Burundi, mlima mgongoni na maji usoni. Kwa miaka mingi aliyetaka kufika huko alishuka Kibirizi, nje kidogo ya mji wa Kigoma, akapanda boti ya mbao yenye magunia, kreti za soda, kuku na abiria, ikapita mwambao wa Gombe, ikagusa Mwamgongo na vijiji vingine, mpaka mwisho wa Tanzania. Dunia iliisikia Kagunga Mei 2015, pale makumi ya maelfu ya Warundi waliokimbia machafuko walipojaa kwenye ufuko wake mwembamba na kipindupindu kikaingia. Hapakuwa na barabara ya kuwaondoa. Liemba ile ile, iliyoletwa kwa reli miaka mia moja nyuma, ilitia nanga mbali kidogo, boti ndogo zikawapeleka watu hadi ubavuni mwake, ikawashusha Kigoma wakaendelea hadi kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Siku zile ilionekana wazi Kagunga inategemea mnyororo gani: boti, meli, bandari, reli.

Siku za amani mnyororo ni uleule. Sabuni, bati na misumari ya dukani Kagunga hutoka Dar es Salaam, hufika Kigoma, huteremshwa Kibirizi kwenye boti. Soko la mpakani linaishi kwa sababu mnunuzi wa Burundi anaona ni karibu kwake. Reli ikiwa ya haraka na nafuu mpaka Kigoma, Kagunga inaweza kufaidika bila kuona hata taruma moja: bati litashuka bei, dagaa na mawese yatafika Dodoma yakiwa bado na ubora.

Lakini ipo njia nyingine kwenye ramani. Januari 2025 ulitiwa saini mkataba wa reli ya SGR itakayotoka Uvinza kuingia Burundi hadi Musongati, penye nikeli, takriban kilomita 280. Itakapokamilika, mzigo wa Burundi hautahitaji kuliona ziwa. Utakata kona Uvinza, nyuma kabisa ya Kigoma, na kupanda milimani. Ni reli ninayoiunga mkono, kwa maana Burundi nayo imefungiwa muda mrefu. Ila mwenye boti Kibirizi, mchukuzi wa bandari ya Kigoma na mwenye kibanda Kagunga wanapaswa kuambiwa leo kwamba njia yao inapata mshindani. Hakuna mthamini atakayewafikia, kwa kuwa hakuna chuma kitakachopita juu ya mali yao.

Wakenya wamekwisha onja. SGR yao ya Mombasa hadi Nairobi ilifunguliwa Mei 2017. Serikali ilipolazimisha makontena kupanda treni moja kwa moja hadi Nairobi, walioumia hasa ni watu ambao reli haikuwagusa: makampuni ya malori na mawakala wa forodha wa Mombasa, makanika, na hoteli za barabarani katika miji kama Mtito Andei iliyoishi kwa kulaza madereva. Mwaka 2019 watu wa Mombasa walikuwa wakiandamana mitaani. Walikuwa na hoja, ila ilikuja baada ya stesheni kujengwa na mkopo kuanza kulipwa.

Kigoma ina bahati moja ambayo Ujiji ya 1914 haikuwa nayo. Mwaka ule aliyeamua alikuwa mkoloni, na mtu wa Ujiji hakuwa na mkutano wa kuuliza swali. Leo kuna mkutano mkuu wa kijiji, kuna diwani, kuna mbunge, kuna ripoti ya tathmini ya mazingira na jamii inayotakiwa kuwashirikisha wananchi. Ombi langu ni kwa wajumbe wa serikali za vijiji kuanzia Nguruka hadi Kagunga, na kwa vijana wa Ujiji, Gungu na Kibirizi wanaojua kusoma ramani. Msisubiri X. Ombeni mchoro wa njia, ubandikwe kwenye ofisi ya mtendaji. Ulizeni kivuko kiko wapi, kizimba cha mama ntilie kiko wapi, na mzigo utashushwaje kutoka kwenye behewa hadi kwenye boti ya Kibirizi. Andikeni majibu kwenye muhtasari wa mkutano, mwenyekiti atie saini, nakala ibaki kijijini.

Na nyinyi wa Kagunga, ambao hamtaalikwa kwenye mikutano hiyo kwa sababu reli haipiti kwenu, nendeni hata bila kualikwa.